Bei Iliyofungwa na Bei Inayobadilika: Nani Abebe Mzigo?

(Maandishi ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa, katika mkutano wetu wa mwaka)



Kamati iliponiandikia barua ya kunitaka nizungumze, iliniachia uhuru wa kuchagua jambo lolote, kwa sharti kwamba liwafae wazee na vijana pia. Mimi naishi Uingereza, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwasaidia ndugu zetu wa huko kusoma bili zao za umeme na gesi. Basi nimechagua kuzungumza juu ya bili hizo. Baadhi yenu mna watoto na wadogo zenu wanaosoma au kufanya kazi huko, na baadhi ya vijana hawa wataenda. Isitoshe, pauni inayomezwa na hita ya nyumba ni pauni isiyofika huku kulipa ada ya shule wala kuezeka nyumba ya mama. Tena, kama nitakavyoeleza mwishoni, swali lenyewe linatuhusu hata sisi ambao hatujawahi kuulizwa.

Kwanza nieleze jinsi mambo yalivyo huko. Hapa kwetu mtu hununua umeme kwa shirika moja tu, kwa bei iliyotangazwa. Uingereza zipo kampuni nyingi zinazouza umeme na gesi majumbani, na kila mwenye nyumba au mpangaji anayelipa bili yake huchagua kampuni aitakayo. Akishaichagua, hukabiliwa na swali la pili: anunue kwa bei ya namna gani? Namna kubwa ni mbili. Ya kwanza ni bei iliyofungwa kwa mkataba, aghalabu wa mwaka mmoja au miwili. Katika muda huo bei ya kila uniti haibadiliki, soko lipande au lishuke. Ya pili ni bei inayobadilika, ambayo kampuni yaweza kuipandisha au kuishusha. Hiyo ya pili imewekewa mpaka na Ofgem, mamlaka inayosimamia kampuni hizo kama EWURA inavyosimamia hapa Tanzania. Mpaka huo ulianza tarehe 1 Januari 2019, na kwa jina tulilokwisha kulizoea kwenye vituo vyetu vya mafuta, tunaweza kuuita bei kikomo. Tangu Oktoba 2022 hupangwa upya kila baada ya miezi mitatu.

Hapo pana makosa mawili ya uelewa ambayo nimeyakuta kwa watu wengi, tena wenye elimu. Kosa la kwanza ni kudhani kwamba bei kikomo ni kiasi cha juu kabisa ambacho nyumba itadaiwa. Redioni husemwa kwamba bei kikomo ni pauni elfu moja na mia kadhaa kwa mwaka, na msikilizaji akaona kwamba hata akiwasha hita usiku kucha hatavuka hapo. Sivyo. Kinachowekewa mpaka ni bei ya uniti moja na ada ya kila siku. Ile hesabu ya mwaka ni mfano tu wa nyumba ya matumizi ya wastani. Atakayetumia mara mbili atalipa karibu mara mbili.

Kosa la pili ni kuchanganya bei iliyofungwa na malipo yaliyo sawa kila mwezi. Kampuni nyingi hukata benki kiasi kilekile mwezi hadi mwezi, ili gharama za majira ya baridi zisambazwe katika mwaka mzima. Mtu akiona pauni 150 zikikatwa kila mwezi huamini kwamba bei yake imefungwa. Kumbe bei inapanda chini kwa chini, deni linajilimbikiza, na siku moja barua inakuja kumwambia kwamba sasa atalipa 230. Anayetaka kujua aliko asitazame kiasi kinachokatwa; atazame bili, pale palipoandikwa jina la bei yake na tarehe ya mwisho wa mkataba.

Sasa, ndugu zangu, ipi iliyo bora? Kila ninapoulizwa hivyo hujibu kwamba bei iliyofungwa ni bima. Mwenye duka anayekata bima ya moto hasikitiki mwisho wa mwaka kwa kuwa duka halikuungua. Alichonunua ni uhakika kwamba moto ukitokea, hasara haitamwangukia yeye peke yake. Vivyo hivyo anayefunga bei hununua uhakika, na uhakika una gharama yake. Kwa hiyo yatupasa kujiuliza maswali mawili: bima hii inauzwa kiasi gani, na je, mimi naweza kuishi bila hiyo?

Swali la kwanza ni la hesabu, nanyi vijana mnaweza kulifanya kwa kalamu na karatasi. Tuseme nyumba inalipa pauni 150 kwa mwezi kwa bei inayobadilika, yaani 1,800 kwa mwaka. Kampuni inatoa mkataba wa mwaka mmoja wa bei iliyofungwa ambao utagharimu pauni 165 kwa mwezi, yaani 1,980. Bima hiyo basi inauzwa pauni 180. Bei kikomo itabadilika baada ya miezi mitatu. Je, ni lazima ipande kiasi gani ndipo aliyefunga apate faida?

Wengi hujibu haraka: asilimia 10, kwa kuwa 165 imezidi 150 kwa asilimia 10. Jibu hilo si sahihi. Katika miezi mitatu ya mwanzo asiyefunga atalipa 450 tu. Ili afikie 1,980, miezi tisa iliyobaki imgharimu 1,530, nayo kwa bei ya leo ingemgharimu 1,350. Gawanyeni, mtaona kwamba bei lazima ipande kwa zaidi ya asilimia 13. Ikipanda kwa asilimia 20, asiyefunga atalipa 2,070, na aliyefunga atakuwa ameokoa pauni 90. Ikibaki palepale, aliyefunga amelipa 180 za bima. Ikishuka kwa asilimia 10, asiyefunga atalipa 1,665, na tofauti itakuwa pauni 315.

Lakini hesabu hiyo imechukulia kwamba matumizi ni sawa kila mwezi, na huko sivyo. Gesi nyingi huunguzwa kuanzia Novemba hadi Machi. Anayefunga bei Januari huitumia miezi yake mitatu ya kwanza katika baridi kali, kabla bei mpya haijafika. Ikiwa miezi hiyo ina asilimia 40 ya matumizi ya mwaka, itabidi bei ipande kwa karibu asilimia 17 ndipo mkataba uleule umlipe. Anayefunga Julai ana baridi yote mbele yake, na kwake kiwango hicho hushuka kukaribia 10. Ndiyo maana namwambia kila ajaye kwangu aje na bili za miezi 12, akiwa na hesabu ya uniti, si ya fedha tu. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari.

Swali la pili, la kwamba waweza kuishi bila bima, halijibiwi na kalamu. Niwaeleze yaliyotokea mwaka 2022, maana hapo ndipo watu walipojaribiwa.

Bei ya gesi ilianza kupaa katika mwaka 2021, dunia ilipoanza kufanya kazi tena baada ya janga la korona na gesi ya Urusi ikawa haba Ulaya. Huko Uingereza gesi hupasha moto nyumba nyingi, na mara nyingi gesi hiyohiyo ndiyo inayopanga bei ya umeme. Februari 2022 Urusi ilivamia Ukraine, na moto ukatiwa mafuta. Bei kikomo kwa nyumba ya wastani, iliyokuwa pauni 1,277 kwa mwaka Oktoba 2021, ikawa 1,971 Aprili 2022. Kisha tarehe 26 Agosti ikatangazwa kwamba kuanzia Oktoba itakuwa 3,549. Na watabiri wa soko walisema kwamba Januari ingevuka 5,000.

Siku zile walinijia watu wengi, na barua zao mikononi. Niwataje wawili bila majina. Mmoja alikuwa muuguzi, hana watoto nyumbani, na amejiwekea akiba ya kutosha miezi kadhaa. Mwingine alikuwa dereva wa basi mwenye watoto watatu, ambaye mshahara wake huisha siku mbili kabla ya mshahara mwingine. Nyumba zao zilikuwa za matumizi ya wastani, na wote waliletewa mkataba wa namna moja: pauni 340 kwa mwezi kwa mwaka mzima, na pauni 150 za kuuvunja kabla ya wakati.

Tulikaa tukapiga hesabu. Kwa bei inayobadilika, Septemba ingekuwa pauni 164, Oktoba hadi Desemba 296 kila mwezi, na kuanzia Januari, ikiwa watabiri wamesema kweli, zaidi ya 410 kila mwezi. Jumla ya mwaka ilikaribia pauni 4,400. Mkataba ulikuwa 4,080. Kwa hiyo kufunga kulionekana kuwa na nafuu kidogo, kwa sharti kwamba utabiri utimie. Muuguzi akasema, "Mimi nitasubiri. Wakikosea nitapata, na wakipatia nina akiba." Dereva akasema, "Kaka, mimi nikikosea mara moja watoto watalala kwenye baridi. Nafunga." Nami nikawaambia wote wawili kwamba wameamua vyema.

Baada ya siku chache, tarehe 8 Septemba, serikali ikatangaza kwamba kuanzia Oktoba itabeba sehemu ya bei, ili nyumba ya wastani isilipe zaidi ya kiasi cha pauni 2,500 kwa mwaka, yaani 208 kwa mwezi. Waliofunga bei nao walipewa punguzo, la hadi peni 17 kwa uniti ya umeme na peni 4.2 kwa uniti ya gesi, lakini waliofunga kwa bei ya juu sana walibaki juu. Dereva wetu alibaki kwenye pauni 257 hivi.

Watu wakamcheka. Mimi sikumcheka, kwa sababu uamuzi hupimwa kwa yale yaliyojulikana siku ulipofanywa. Hakuna aliyejua mwezi Agosti kwamba serikali ingetoa mabilioni. Tulichofanya ni kuketi tena na karatasi. Tofauti ilikuwa pauni 49 kwa mwezi. Kwa miezi 11 iliyobaki hiyo ni 539. Ukitoa 150 za kuvunja mkataba, zinabaki 389. Akaandika barua, akalipa, akatoka. Mkataba wa umeme haufanani na ndoa. Ukiona hesabu imegeuka, na ada ya kutoka ni ndogo kuliko hasara ya kubaki, toka. Tena sheria ya huko humpa mteja siku 14 za kubadili nia baada ya kukubali mkataba, na katika siku 49 za mwisho wa mkataba hatozwi ada yoyote ya kuondoka. Ni wangapi wanaozijua haki hizo?

Waliopata nafuu kubwa kuliko wote ni wale waliofunga bei mapema mwaka 2021, kwa miaka miwili, wakati hakuna aliyekuwa na hofu. Bima ilikuwa rahisi kwa kuwa hakuna aliyeitaka. Hofu ilipoenea, kampuni nazo zilikuwa zimeiona, na bei ya bima ikapanda pamoja na hofu. Tahadhari kabla ya hatari ni maneno ya wazee wetu, nayo yana thamani ya fedha kabisa.

Hata hivyo, si wote waliofunga mapema waliovuna. Kampuni karibu 30 zilianguka katika mwaka 2021 na 2022. Nyingi zilikuwa zimeahidi bei rahisi kwa wateja wao bila ya wao wenyewe kununua umeme na gesi ya kutosha kwa bei hiyo. Kubwa kuliko zote, Bulb, yenye wateja zaidi ya milioni moja na nusu, ilibidi iendeshwe kwa fedha za serikali tangu Novemba 2021. Wateja wa kampuni zilizokufa hawakuzimiwa taa. Walihamishiwa kampuni nyingine, na fedha walizokwisha kuzilipa mbele zililindwa, lakini bei yao iliyofungwa ilikufa pamoja na kampuni. Gharama za maanguko hayo zikaongezwa katika bili za watu wote, hata wale waliokuwa hawamo. Ahadi ni deni, ndiyo. Lakini deni lina thamani kwa kadiri ya uwezo wa mdaiwa. Kabla ya kuifurahia bei rahisi iliyofungwa, uliza anayekufungia anasimama juu ya nini.

Na ipo hatari ya upande wa pili, ya kukaa bila paa kabisa. Katika jimbo la Texas, Marekani, kampuni iitwayo Griddy ilikuwa ikiwauzia watu umeme kwa bei ya jumla ya soko, inayobadilika saa kwa saa, kwa ada ya dola 9.99 kwa mwezi. Siku za kawaida walilipa kidogo kuliko majirani zao. Februari 2021 ikaja baridi kali, mitambo ikaganda, na bei ya jumla ikafikia dola 9 kwa uniti moja ambayo kwa kawaida watu huilipia senti 12 hivi. Watu waliamka na bili za maelfu ya dola kwa siku chache tu. Kampuni ikafilisika mwezi uliofuata, na madeni ya wateja wake yakaja kufutwa. Kwa hiyo anayesema "mimi nafuata soko" ajue kwanza kama soko hilo lina kikomo.

Ndugu Mwenyekiti, niliahidi kurudi nyumbani. Hapa Tanzania hatuchagui. Bei hupangwa, hutangazwa, nasi hununua LUKU. Kwa maana hiyo sote tuko katika bei iliyofungwa. Lakini gharama haikufungwa. Mvua zilipokuwa haba na mabwawa yakapungua maji, miaka ile ya kuanzia 2011, shirika letu lililazimika kukodi mitambo ya mafuta ya bei kubwa, huku likiuza kwa bei ileile. Hasara ikajilimbikiza mahali tusipopaona, kisha bei ikapanda kwa kama asilimia 40 Januari 2012, na kwa kiasi kinachokaribia hicho tena Januari 2014. Jirani zetu wa Kenya wamechagua njia nyingine. Bili zao hubeba gharama ya mafuta na mabadiliko ya thamani ya fedha, nazo hutangazwa upya kila mwezi. Wao huumia kidogo kidogo na kwa uwazi. Sisi hupumzika muda mrefu, kisha tukaumia mara moja. Sisemi njia ipi ni bora. Nasema tu kwamba mzigo haupotei kwa kufichwa. Kila bei inayotulia, yuko mtu anayebeba mtikisiko wake, na raia mwema huuliza ni nani.

Kwenu vijana, niwaachieni mambo manne. Jueni uniti zenu kabla ya kujua bei yenu. Fanyeni hesabu ya mwaka mzima, na msisahau miezi ya baridi. Someni ada ya kutoka kabla ya kusoma bei ya kuingia. Na mwisho, mtu asiamue kwa kutazama jirani yake alichofanya. Muuguzi na dereva walikuwa na barua ya namna moja na majibu mawili, na kila mmoja alijua kitu ambacho kampuni haikukijua: hasara ikija, nyumbani kwake itamwangukia nani.